Lango Alilolifunga Lubaba

"Mlango wa tauni hufungwa na aliye ndani." Maneno haya mmeyasikia jana kwa mwalimu wenu wa chuoni, alipougua macho mekundu akajifungia chumbani, akawa anawasomesha kwa mbali kupitia dirishani, nanyi mkacheka. Sasa mnaniuliza ameyatoa wapi. Kaeni basi. Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Chanzo chake, kama nilivyosimuliwa mimi, ni hiki.

Katika nchi ya Sham, miaka michache baada ya Uislamu kufika huko, aliishi mwanamke aitwaye Lubaba binti Jundubu. Kijiji chao kilikuwa juu ya kilima, kimezungukwa na ukuta wa mawe, na lango lake lilikuwa moja tu. Mumewe, Harithi, ndiye aliyekuwa bawabu wa lango hilo.

Mwaka huo tauni iliingia Sham. Mtu alishikwa na homa, kisha uvimbe ukamtoka kwapani, na aliyekula na wenzake leo aliweza kuzikwa kesho. Pale kijijini ilianzia nyumbani kwa mfinyanzi. Baada ya mazishi ya kwanza, watu wakaanza kufunga mizigo wakimbilie kijiji cha bondeni, ambako maradhi yalikuwa hayajafika.

Mzee Qatada, aliyekuwa akiwasalisha, akasimama langoni.

"Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha," akasema. "Tauni ikiwa katika nchi, tusiingie. Ikitukuta tuliko, tusitoke kwa kuikimbia. Ndugu zetu wa bondeni ni wazima. Tukiwaendea, tutawapelekea kifo."

Watu walilia, lakini waliteremsha mizigo. Harithi akalifunga lango mbele yao wote, wakaahidiana kwa Mola wao kwamba halitafunguliwa mpaka maradhi yaondoke. Watu wa bondeni wakawa wanaleta mikate na mafuta ya zeituni, wanaviweka chini ya ukuta na kuondoka, kisha vikapu vinavutwa juu kwa kamba.

Ahadi huwa nyepesi mtu akiwa na watu wake wote. Harithi alikufa. Wakafuata wanawe wawili, na Lubaba akawaosha mwenyewe kwa sababu mwosha maiti wa kijiji naye alikwisha kufa. Mzee Qatada hakukawia. Akabaki Lubaba na kitinda mimba wake, Sukaina, mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Ufunguo wa lango ulibaki kwake pia. Hakuna aliyekuja kuuchukua, maana waliobaki hai walikuwa wakihangaika na maiti zao.

Asubuhi moja akasikia lango likigongwa. Alikuwa Ghalibu, mdogo wake, aliyekuwa akiishi bondeni na mkewe na watoto wao.

"Dada! Dada Lubaba, u hai?"

"Ni hai, alhamdulillahi. Rudi nyuma, Ghalibu. Usiguse mbao."

"Nimesikia habari za shemeji na watoto. Na Sukaina je?"

"Mzima."

"Hana homa?"

"Hana."

"Basi nipe. Sikuambii utoke wewe, najua mmeahidiana. Nipe mtoto tu. Mtoto hakuahidi kitu."

Sukaina alikwisha kuitambua sauti, akaja mbio na kuushika upindo wa nguo ya mama yake. "Ni mjomba! Mama, mjomba amekuja kunichukua!"

Lubaba akautia ufunguo tunduni. Aligeuka akatazama nyuma. Njia ilikuwa tupu, milango ya nyumba imefungwa. Hapakuwa na jicho la kumwona ila la Mola wake. Mkono ukaanza kuuzungusha ufunguo.

Hapo akasikia sauti ndogo huko nje: "Baba, anatoka sasa?"

"Uko na nani?" Lubaba akauliza.

"Na Atika, binti yangu. Nimemkataza akanililia. Amemletea mwenziwe tini."

Lubaba akauchomoa ufunguo.

"Yazidi, mwanangu niliyemzika, naye aliamka mzima," akasema. "Aliamka akacheka, akaomba chakula. Ghalibu, mchukue mwanao mwende."

"Dada, unamuua Sukaina kwa mkono wako!"

"Uhai wake uko kwa Aliyempa. Lakini sitamtuma mwanangu akawaue wanao."

Ghalibu akalipiga lango kwa ngumi mpaka mbao zikatikisika. Aliomba, akalaani, akalia. Mwisho akasema, "Kuanzia leo sina dada," akamwinua binti yake, akateremka.

Sukaina alimpiga mama yake magotini kwa viganja vyake vidogo, na siku ile hakusema naye tena.

Siku chache zikapita na mtoto yu mzima. Kila asubuhi Lubaba alimpapasa kwapani, na kila alipokosa uvimbe alishukuru, kisha moyo ukamchoma: labda ningemtoa. Labda nimemfunga bure na mauti. Hakuwa na wa kumuuliza. Alisali, akalia katika sijda, wala hakuletewa jawabu.

Ndipo homa ikaja. Sukaina alilala mapajani pa mama yake, akauliza kama mjomba bado amekasirika. Lubaba akamwambia la, hajakasirika. Mtoto akafa kabla ya adhuhuri, na Lubaba akachimba kaburi pamoja na jirani mmoja aliyekuwa hata jembe haliwezi vizuri.

Baridi ilipoingia, tauni ikaondoka. Lubaba akafungua lango. Ghalibu akapanda kilima na hasira yake yote, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kaburi fupi.

"Lini?" akauliza.

Lubaba akamweleza. Ghalibu akahesabu siku, akaona kwamba homa ile ingemshikia mtoto nyumbani kwake bondeni. Sukaina angelala mkeka mmoja na Atika. Wangekula sahani moja, wao na nduguze wote. Akakaa chini mavumbini palepale.

"Nisamehe, dada. Nilidhani ni mimi mwenye huruma."

"Nimekusamehe," Lubaba akasema. "Ila usinisifu. Ufunguo ulikuwa umekwisha kuzunguka nusu."

Ghalibu akaishi akawa mzee, na watoto wake wote wakamzika. Watu wa bondeni walipokuwa wakisema kwamba mwaka ule waliokolewa na ule ukuta wa mawe, alikuwa akiwakatiza. "Ukuta ule ulikuwa na lango," akisema, "na mimi niliyekuwa nje, mzima, ndimi niliyekuwa nikilivunja kwa ngumi zangu. Mlango wa tauni hufungwa na aliye ndani."