Chai ya Kikao na Moto wa Nyika

Paukwa.
Pakawa.
Sauti hiyo ni ya walioshiba au ya wenye homa? Paukwa.
Pakawa!
Haya, sasa nasikia watu.

Palikuwa na kijiji cha wanyama, jina lake Majanimengi. Nyasi zilikizunguka pande zote, na kiangazi kikifika zilikauka zikawa kama karatasi. Mwaka uliotangulia moto wa nyika ulipita hapo. Wenye miguu mirefu walikimbia. Mama yake Sange hakuwahi.

Sange mnamjua: kanyama kama panya, pua ndefu kama mkonga uliokata tamaa njiani, na kiota chake ni majani makavu. Mwaka huu kiotani mlikuwa na watoto wawili, na Sange usingizi ulimpaa.

Basi akaenda kwenye Kamati ya Maafa. Ndiyo, kamati ilikuwapo. Nimezunguka nchi nyingi mpaka viatu vikanichoka, sijaona mahali palipokosa kamati. Mwenyekiti alikuwa Nyati, wajumbe shemeji zake wote. Sange alikuwa katibu, maana ndiye pekee aliyekumbuka kilichosemwa. Akawaeleza kwamba wafyeke ukanda kuzunguka kijiji, ubaki udongo mtupu, moto ukija ukose cha kula.

Nyati akasema wazo zuri sana, litajadiliwa baada ya chai.

Na chai ya kikao, kwa nyati, ni nyasi za pale mlipokaa. Kwacha, kwacha, kwacha. Walipomaliza kutafuna, kikao kikaahirishwa. Wiki iliyofuata wakafungua kikao, kwacha, kwacha, kwacha, wakafunga kikao.

Sange na Kobe wakajaribu kufyeka wenyewe. Kutwa nzima wakapata mahali pa kutandika mkeka mmoja. Kobe akaingia ndani ya gamba lake akasema asiamshwe. Sange akabaki amekaa, akilitazama tumbo la Nyati kwa mbali. Akalitazama sana.

Kikao kilichofuata alitangulia yeye kusema.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa pamebaki vumbi, si hadhi yako. Tuhamie mtaa wa pili, pembeni, wenyeji wanakusubiri na chai."

"Chai ya kutosha, Bi Sange?"

"Mpaka shinani. Ila usisaze, mheshimiwa. Ukisaza watasema umewadharau."

Nyati hakutaka kumdharau mtu. Kwacha, kwacha, kwacha, mpaka udongo ukaonekana, na kwato za shemeji zikazimaliza nyasi zilizobaki. Kisha Sange akanong'ona kwamba mtaa wa jirani umeona wivu, na mwenyekiti akiuruka ataambiwa ana upendeleo. Wakahamia mtaa wa jirani. Wakafungua kikao, kwacha, kwacha, kwacha, wakafunga kikao. Wakahamia tena. Hakuna lililojadiliwa hata siku moja, na pole pole kamati ikakizunguka kijiji chote, ikarudi ilipoanzia.

Mchana mmoja upepo ukageuka. Vuuu, tatata, pa! Moto huo, mrefu kuliko twiga. Sange akawafunika watoto kwa tumbo lake. Moto ukafika kwenye ukanda, ukatafuta kulia, ukatafuta kushoto, ukakuta mwenzake ameshakula. Ukazunguka kijiji ukinung'unika, ukafa kwa njaa.

Nyati akapanda juu ya kichuguu akawauliza wanakijiji kama wameiona kazi ya Kamati. Wakampigia makofi, na Sange akapiga kuliko wote.

Kobe akatoa shingo, amekasirika. "Mwenzangu, mbona husemi ni akili yako?"

"Nikisema ataona haya," Sange akajibu, "na akiona haya hatakula. Nyasi zitaota tena, Kobe."

Hadithi yangu imefika kwao, mimi ndio narudi kwangu.

Na funzo lake, watoto, ni hili: ukichaguliwa kwenye kamati ya maafa, usijisumbue kufikiri. Kula. Ila kabla hujakaa, muulize katibu mkae wapi.