Kobe wa Mama Mkwe na Duara Lisilo na Kona

Mtu mmoja alikuwa na vifaranga mia tatu, na mdomo wa kuwatosha wote. Jina lake Obadia, mtu wa Uwemba kule Njombe, ambako mwezi wa sita sakitu, umande ulioganda, hulala juu ya majani kama unga uliomwagika, na watu huamkiana mikono ikiwa kwapani. Kulea vifaranga kwenye baridi ya namna hiyo si mchezo, na Obadia alikuwa hodari. Tusimnyime haki yake. Shida ni kwamba hakungoja apewe hiyo haki. Alijipa mwenyewe, dukani, kisimani, hata mlangoni pa kanisa. "Kwangu baridi hupiga hodi," alikuwa akisema, "na nikikataa, inarudi ilikotoka."

Mkewe, Nyemo, alizaliwa Kongwa, nchi ya jua na vumbi. Siku alipoolewa, mama yake alimpa kobe, mkubwa kiasi cha sahani ya wali. Miaka ikapita, na mara moja, katikati ya baridi, mama akafariki. Nyemo akajifunga khanga, akapanda basi kwenda kuzika. Mlangoni alisema neno moja tu: "Nitunzie kobe wa mama." Siku zote alikuwa akisema kobe wangu. Obadia aliisikia hiyo tofauti.

Kobe alizoea kushinda jikoni, na Nyemo akiwapo moto wa jikoni ulikuwa hauzimiki. Sasa ulizimika. Siku ya pili kobe akagoma kula. Obadia alimwekea mchicha, akamwekea jani la boga, akamkatia nyanya iliyoiva. Kobe alimtazama kwa jicho moja, kisha akalifumba na hilo. Nyemo alipopiga simu kutoka msibani kuuliza, Obadia alijibu, "Anakula kuliko mimi." Halafu akaikata simu haraka, akabaki anatazamana na nyanya.

Sasa niambie, mtu aliyelea vifaranga mia tatu atamuuliza nani habari za joto?

Alianza na makaa. Akayajaza kwenye chungu, akafunga dirisha, akamlaza kobe kando. Mama Tuli, jirani yao, alipoingia kuomba chumvi alitoka kinyumenyume, anakohoa. "Mzee wa Vifaranga," alisema, "huyo unamtunza au unamkausha kama dagaa?" Obadia alicheka, lakini kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi, naye alidhani ni majonzi, kumbe ni hewa ya makaa. Akatoa chungu nje. Akamwinamia kobe kusikiliza kama bado anahema, na hakusikia kitu, maana kobe hahemi kwa ajili ya kusikiwa na mtu.

Likafuata jiwe. Alilipasha jiwe bapa motoni, akamweka kobe juu yake, na kobe akatulia. Obadia akafurahi: tazama alivyotulia! Kifaranga ukikiweka mahali pa moto, kitaruka na kulia mpaka kijiji cha pili wajue. Kobe halii. Hata akiungua kobe hutulia, na Obadia hakulijua hilo mpaka harufu ilipomfikia, kama ya ukucha uliopitishwa kwenye mshumaa. Alimnyanyua upesi. Hakuthubutu kumgeuza amtazame tumbo.

Ndipo akaamua kufanya ile kazi aliyojifunza na kuisifia miaka yote. Alichukua hadibodi, akaikunja duara, akamwaga maranda chini, akaning'iniza katikati taa ya joto ya vifaranga. Duara, si pembe nne. Kila mfugaji wa kuku anajua kwamba kona huua: vifaranga hukimbilia konani, wakarundikana, wa chini wakakosa pumzi. Obadia mwenyewe alikuwa akiwafundisha wenzake hivyo. Na kwa kuwa kobe alikuwa mmoja tu, alilifanya duara liwe dogo, ili joto lisipotee hata kidogo. Joto lilijaa kila mahali, sawasawa.

Kobe akaanza kutembea. Alizunguka akiwa amejibana ukutani, akakwaruza hadibodi, akazunguka tena. "Ameshapona," Obadia akamwambia Mama Tuli kupitia dirishani. "Ana mwendo kama anawahi basi." Saa nane mchana kobe akasimama. Shingo ilikuwa imenyooka juu ya maranda na mdomo uko wazi. Wakati huohuo simu ikaita: Nyemo alikuwa amemaliza msiba, kesho mchana angekuwa nyumbani. Akauliza kuhusu kobe. Obadia alisema yupo. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Palikuwa na mtaalamu wa mifugo pale kwenye kata, binti aitwaye Ezelina Luvanda. Mwaka uliopita Obadia alimcheka mbele ya mkutano, akamwita msichana aliyejifunza kuku kwenye daftari. Sasa alikwenda kwake mbio, kandambili moja imekatika, njia nzima akitunga maneno ya kumwambia, na alipofika alisema tu, "Njoo umwone kobe." Ezelina alimtazama usoni, akachukua mkoba wake.

Hakusema lolote kuhusu mkutano. Aliweka kiganja chini ya taa, pale mgongo wa kobe ulipokuwa, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa mkono kabla hajafika mbali. Akamgeuza kobe. Tumboni palikuwa na doa la kahawia, kama chai iliyomwagika ikakauka. Obadia alitazama ukutani.

"Baba," Ezelina alisema, "joto umempa. Pa kulikimbia hujampa."

Wakatafuta sanduku la mbao, refu kama benchi. Taa ikafungwa upande mmoja tu, juu, kwa waya imara, na wavu mbele yake ili kobe asiiguse. Upande wa pili hawakuweka joto lolote. Paliwekwa maji, na kipande cha chungu kilichovunjika awe na pa kujificha. Obadia alihesabu kona nne, mwili ukamsisimka. "Daktari, kona huua," alisema.

"Huua kuku," alijibu Ezelina. "Huyu ana manyoya wapi?" Akamweka kobe katikati ya sanduku. Akaagiza doa lipakwe dawa kila asubuhi, na baada ya hapo mtu asimguse; kobe achague mwenyewe pa kukaa. Akaondoka.

Kobe alikaa kitambo. Kisha akageuka, akaipa taa mgongo, akaenda polepole mpaka mwisho wa upande wa baridi, akaingia ndani ya kipande cha chungu.

Hapo ndipo Obadia alipoijua shida. Kuwasha moto ni kazi nyepesi. Hata mlevi huwasha. Kukaa na mikono yako mapajani ndiyo kazi. Mara tatu aliinuka amchukue amrudishe kwenye taa, mara tatu akakaa. Akilini alimwona Nyemo akiingia na vumbi la makaburi bado liko viatuni, anakuta kobe wa mama amekuwa wa baridi konani, na mumewe kaketi anatazama. Nikimsogeza, aliwaza, hata akifa itasemekana nilihangaika. Mama Tuli akachungulia, akamwuliza kama anaposa, maana amekaa kama mkwe anayengoja jibu. Obadia aliweka kidole mdomoni, na hilo lilimtisha Mama Tuli kuliko kelele zake zote.

Kesho yake, jua likiwa limeshayeyusha sakitu, kipande cha chungu kilitikisika. Kobe akatoka. Alitembea hadi chini ya taa, akakaa kiasi cha mtu kunywa kikombe cha uji, kisha akarudi nyuma hatua tatu, akatulia. Hapakuwa kwenye joto wala kwenye baridi. Palikuwa mahali ambapo Obadia, kwa ujuzi wake wote, asingeweka alama hata angepewa chaki. Na hapo kobe akanyoosha shingo, akang'ata jani la boga.

Nyemo aliingia mchana na mkoba begani. Obadia hakusimama. "Nilikudanganya," alimwambia. "Alikuwa hali. Nimemuunguza tumbo. Sasa anakula, ila usimshike kwanza." Nyemo aliutua mkoba, akaketi karibu naye chini, akamtazama kobe wa mama yake akitafuna, machozi yakimtoka bila sauti.

Nawe unayemcheka Obadia, unayejisifu kwamba nyumba yako ina upendo mpaka kuta zinatoa jasho: walio ndani wakitaka kupoa kidogo, umewaachia kona ipi?