Tonge la Kuonja

Paukwa ya kiangazi?

Pakawa ya vumbi.

Niseme au ninyamaze?

Sema, njaa nayo isikie.

Basi mwaka huo mvua ilikataa. Mbuga ikawa nyeupe, na nyasi zote kavu zilizofungwa marobota zikawa mali ya mmoja tu, Nyati. Akazipanga sokoni, juu, juu, juu, akasimama mbele yake akiziuza kwa vikapu vya viazi.

Bi Digidigi alikuwa na watoto pacha, na maziwa yamemkauka. Akaenda sokoni, tipu tipu tipu. Desturi ya soko la nyasi mnaijua: mnunuzi huonja kwanza, tonge moja kutoka kitovuni mwa robota, maana walaghai huficha zilizovunda ndani. Muuzaji akikataza kuonja, watu husema zake zimeoza, wakamhama.

Bi Digidigi akaonja. "Bei gani, Bwana Nyati?"

"Vikapu viwili."

"Sina hata kimoja, na wanangu wanakufa."

"Pole, bibi. Kesho vitatu."

Akarudi nyumbani, akakuta mmoja amekwisha kufa. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamtazama yule aliyebaki, akafikiri. Jambo moja alikuwa ameliona: Nyati akiulizwa bei, huipandisha.

Kesho yake akaja na Ngiri. Kesho kutwa akaja na Swala na Punda Milia. Mtondo, foleni ikapinda mpaka kisimani.

Ngiri anaonja, kwaru. "Bei gani?" "Vinne." "Ghali, mzee." Anaondoka.

Swala anaonja, kwaru. "Bei gani?" "Vitano." "Ghali, mzee." Anaondoka.

Bi Digidigi anaonja, kwaru, anauliza, anaondoka, anazunguka kupanga foleni tena. Maziwa yakaanza kurudi, tone kwa tone.

Nyati akafurahi. "Mnaona wanavyozitaka? Sasa kumi." Alikuwa akitazama foleni, nyasi hakuzitazama.

Siku moja akaja Tembo na vikapu ishirini. Nyati akamteremshia robota, akaliona jepesi. Akakata kamba, pwaa, ganda tupu. La pili, ganda. La tatu, ganda.

"Nani kala nyasi zangu?"

"Hatukula, Bwana Nyati," akasema Bi Digidigi. "Tulionja. Bei ndiyo iliyotushinda."

Tembo akajitwisha vikapu vyake, akaenda zake. Nyati akabaki kulamba kamba. Na mvua haikunyesha, na wa kuonjesha hakuwepo tena, na wengi wa foleni ile hawakuuona mwaka mpya. Mtoto wa Bi Digidigi alipata nguvu, akasimama, akamtafuta pacha wake wacheze. Akamtafuta siku nzima.

Hapo nafunga mzigo wangu. Asiyeshiba akaonje kwa jirani. Na fundisho, wanangu, mlishike: asiye na kikapu asiende sokoni, atawapotezea matajiri muda wao.