Maji ya Kwanza ya Ndiva

Sogeeni karibu, na anayetafuna muwa ateme maganda kwanza, maana hadithi hii haitaki kelele. Imenichosha mimi niliyeisikia tu, sembuse waliokuwamo.

Katika kijiji cha Kirindi, milimani Upare, walikuwapo watu watatu. Bibi Nakiete, mjane, alijaliwa mikono isiyoshindwa na kazi. Hemedi, muadhini wa msikiti, alijaliwa sauti; akiita, hata ng'ombe huinua vichwa. Mzee Senkondo, aliyeshika mila za mababu, alijaliwa kuijua njia ya maji chini ya ardhi kama wewe uijuavyo njia ya jikoni kwenu. Nakiete alikuwa Msabato. Jumamosi hashiki jembe, liwake jua au inyeshe mvua.

Kirindi nzima ilimwagilia mashamba kwa ndiva moja, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Kulisafisha ilikuwa kazi ya wote, msaragambo. Mwaka mmoja kamati ikapanga msaragambo uwe Jumamosi, "mara hii tu." Ijumaa ni ya Waislamu, Jumapili ya Walutheri, Jumamosi ya nani? Wasabato wakasema ni yetu. Wakajibiwa kwamba asiyechimba hapati maji, na zamu zao zikafutwa. Vijana wao wakaziba mfereji kwa mawe, wa upande wa pili wakaja na mapanga, na katika kusukumana kwao ukingo wa ndiva ukabomoka. Maji yakaenda zake bondeni. Hakuna aliyekubali kuujenga ukingo pamoja na mwenzake, na kiangazi kikawakuta wamenuniana. Wajinga ndio waliwao, na safari hii mlaji alikuwa jua.

Mahindi ya Nakiete yakaanza kujikunja majani, na nyumbani alikuwa na wajukuu aliowalea peke yake. Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini, akachukua jembe na karai akaenda kuzoa tope. Wasabato wenzake walimwita msaliti. Akaendelea kuzoa. Hemedi alipotoka kuswali akamkuta amejaa tope hadi magotini.

"Mama, nani kakutuma?"

"Njaa. Leo ni siku yenu, nawachimbia. Kesho ni yangu, na sitakuja hata mkinikata."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nitakuwa hapa. Mgongo ukikubali."

Kesho yake vijana wenye hasira wakakusanyika kwenda kuwatoa Wasabato kanisani kwa nguvu, wakachimbe. Hemedi akawatangulia, akasimama mlangoni. "Ndugu zangu, jana mimi sikuburutwa kutoka msikitini. Nilikuwa nimesujudu, na mwanamke aliyemo humu ananichimbia. Anayetaka kumburuta aanze na mimi." Sauti ile iliwasimamisha wote isipokuwa mmoja, na fimbo ya huyo mmoja ikamvunja Hemedi mkono. Wakatawanyika kwa aibu. Tangu hapo watu wakaanza kushikiana zamu: huyu akiwa kwenye ibada, yule anachimba. Ukingo ukasimama. Lakini Hemedi hakuweza kushika jembe, na maharage yake yakasinyaa akiyatazama.

Ukingo ukasimama, maji hayaji. Chemchemi inayoijaza ndiva ilikuwa imezibwa na udongo ndani ya msitu wa matambiko wa ukoo wa Senkondo, na asiye wa ukoo haruhusiwi kuingia. Watu wa kanisa na wa msikiti, waliomwita mshenzi miaka nenda miaka rudi, wakaenda kumpigia hodi. Mzee akawatazama weee.

"Mlisema msitu huu una mashetani yangu. Leo mashetani yana maji." Hakucheka. "Vueni viatu. Msikate mti. Mwenye kusali asali anavyojua, asiyetaka aache."

Akawaonyesha pa kuchimba, maji yakatoka. Ukoo wake ukamsusa kwa kuingiza wageni, na migomba yake ikabaki bila wa kuihudumia.

Ijumaa jioni ndiva ikaanza kujaa. Maji yenyewe machache, ya kutosha shamba moja kati ya yale matatu, na jua lile lisingeyangoja mengine mawili. Mila ya Kirindi ni kwamba aliyeiamsha ndiva ndiye hufunguliwa maji ya kwanza. Wakaketi ukingoni kuamua.

"Apewe Bibi Nakiete," akasema Hemedi. "Ndiye aliyeanza."

Nakiete alikuwa akibandua tope kavu miguuni. "Alfajiri ni Jumamosi, mwanangu."

"Nitakumwagilia mimi."

"Kwa mkono upi? Na hata ungekuwa nao, itakuwa kazi yangu inafanywa siku yangu."

"Basi tungoje Jumapili," mtu akasema.

Senkondo akatikisa kichwa. "Ukingo bado mbichi. Tusipofungua alfajiri, utabomoka tena."

Kisha mwenyekiti wa kamati akasema kwa upole, "Mara hii tu, Bibi. Mungu atakuelewa."

Nakiete akamtazama. Hasira hakuwa nayo. Uchovu ulikuwa umeimaliza. Aliwaza mahindi yake, akawaza wajukuu watakula nini, na moyo ukamuuma kweli.

"Ndivyo mlivyoniambia mwanzo," akasema. "Hiyo mara hii tu ndiyo iliyobomoa ndiva."

Akainuka kwa kushika kiuno, akachukua karai lake. Sabato huingia jua likizama, na jua lilikuwa limeshagusa mlima.

"Amueni nyie. Mimi siku yangu imeingia."

Wakabaki pale. Wengine wakasema apewe Hemedi, mkono hauoti kama mhogo. Wengine wakasema Senkondo, kwani bila chemchemi mngefungua nini? Wengine wakasema shamba la Nakiete limwagiliwe akiwa kanisani, atake asitake, ili watoto wapate kula. Wengine wakauliza, basi tulikuwa tunapigania nini? Na sauti zikaanza kupanda.

Kizibo cha ndiva hiki hapa, nawakabidhi, mimi nimechoka nacho. Kutakucha sasa hivi. Haya, wewe uliyekaa hapo, na wewe mwenye muwa: mtamfungulia nani?