Dada Aliyefagia Kumbukumbu za Watu Watano

Wapendwa, hili sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo. Nilikuwa juu ya ngazi nikipaka rangi dari ya ofisi moja pale Dodoma, enzi zile kabla Mungu hajaniteremsha kwenye ngazi akanipandisha hapa mimbarini. Shule yangu mnajua ilipoishia, lakini macho yangu hayakuishia darasa la saba. Niliona kila kitu, na ambacho sikukiona nilikisikia.

Kulikuwa na dada mmoja, kiongozi wa kikundi cha watengeneza programu watano, yeye akiwemo. Kwa miaka mitatu walikuwa wakiunda programu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo za watoto. Sasa sikilizeni watu hawa wanavyofanya kazi, maana mfano wote umekaa hapo. Kazi ni moja, imewekwa kwenye kompyuta kuu, na kila mmoja ana nakala yake nzima kwenye mashine yake. Ukibadilisha hata mstari mmoja, unaandika: nani, lini, kwa nini. Maandishi hayo yanajipanga, ya leo juu ya ya jana, tangu siku ya kwanza. Hebu fikirini ndoa zetu zingekuwa na kitu cha namna hiyo. Naona baba mmoja pale anaangalia viatu vyake.

Basi siku ya siku ikafika, wageni wa wilaya wanakuja saa nne. Wakiikubali programu, inaingia kwenye zahanati zote. Wakiikataa, miaka mitatu imekwenda na maji. Saa mbili dada akafungua zile kumbukumbu, akazisoma kwa jicho la mgeni, jasho likaanza kumtoka. "Nimekosea tena." Jina lake. "Sijui kwa nini, lakini sasa imekubali." Jina lake. Halafu hii: "Naondoa upuuzi wa yule mtu wa Kondoa." Jina lake, tarehe, saa na dakika.

Mtu wa Kondoa alikuwa mwenzao mmoja, mpole, aliyekuwa akifanya kazi kutoka huko huko Kondoa, jirani na zahanati.

Dada akasimama, akakaa. Akafunga mlango, akaufungua. Akanywa maji, glasi akaisahau mkononi. Wewe ungefanyaje? Umealika watu, halafu unagundua nguo zako za ndani zimeanikwa sebuleni.

Kumbe ziko amri za kuyaandika upya yaliyopita. Ukizijua, makosa kumi unayaunganisha yanaonekana tendo moja la busara. Vidole vyake vikaanza kukimbia. Akafika kwenye lile neno la upuuzi, akakuta maandishi matatu yamefuatana: mtu wa Kondoa ameweka kitu, dada amekiondoa kwa tusi, mtu wa Kondoa ameweka tena. Akaona huo ni ugomvi tu. Akayatupa yote matatu, na kazi iliyokuwa ndani yake.

Nikamwuliza kutoka juu, "Dada, mbona unahangaika hivyo?"

"Nafagia, fundi. Wageni wako njiani."

"Nyumba ya watu watano hiyo. Waulize wenzako kwanza."

"Wewe paka dari."

Hayo nilimwambia mimi wa darasa la saba, naye ana digrii. Hakunisikia. Kompyuta kuu ilimkatalia mara ya kwanza, ikamwonya kwamba anacholeta hakifanani na kilichomo. Akailazimisha. Akafuta na nakala yake ya zamani, asije akaiona mtu. Wenzake watatu wa pale ofisini walipoingia, wakachukua ile mpya bila kuuliza.

Saa nne wageni hao. Mbele yao muuguzi mkuu wa wilaya, mama mpana mwenye sauti ndogo. Akasifu, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Mwandike mtoto wa wiki kama sita, ambaye mama yake hajui tarehe aliyozaliwa. Kwangu wapo wengi."

Dada akaandika. Programu, kwa kukosa tarehe, ikarudi mwaka ambao kompyuta huanzia kuhesabu: ikajibu kwamba mtoto huyo wa wiki sita amezaliwa mwaka 1970 na amechelewa chanjo zote.

"Huyu mtoto tumekua naye," akasema yule mama.

Dada hakucheka. Alikuwa ameshaelewa. Ule haukuwa ugomvi. Lile andiko la tatu alilolitupa ndilo lililokuwa likiwakadiria umri watoto wasio na tarehe. Akapiga simu Kondoa, akaiweka mezani kwa sauti kubwa, apate kuendelea kutafuta kwenye kompyuta.

"Kaka, umeshachukua kazi ya leo?"

"Bado, dada. Mtandao huku ndiyo umerudi sasa hivi. Nataka kuichukua."

"Usichukue. Usiguse kitu. Nitumie ya kwako kama ilivyo."

"Kama ilivyo?" Tukasikia akibofya. "Dada, humu mna lile neno lako."

"Neno gani?" Aliuliza, naye analijua.

"La upuuzi. Nililisoma siku ileile. Na kweli nilikuwa nimekosea, nikakaa nikaandika upya, ikakaa sawa. Nitume?"

Ofisi nzima inasikia. Wageni wanasikia.

"Tuma," akasema dada.

Ikaja, na uchafu wake wote. Mtoto akapata umri wake. Yule mama akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akasoma polepole hadi akafika penye lile neno.

"Hapa ni wewe umeandika?"

"Ni mimi, mama."

"Basi niachie hii. Mtoto wa wilaya yangu akikosewa, nitataka kujua nani alibadilisha nini. Ile safi yako haikuniambia kitu."

Sasa sisi je? Ukoo ukikutana tunasimulia ugomvi wa shamba, na siku ile tuliyompiga ndugu yetu tunairuka. Mume na mke wanahadithia siku za uchumba wao, mwaka wa pili wa ndoa haumo. Tunadhani tunafuta aibu yetu tu. Lakini mwenzangu alifanya wema wake humo humo ndani ya aibu yangu. Nikifuta tusi langu, nimefuta na siku aliyonisamehe. Nani alinipa ruhusa ya kuifuta hiyo? Na yule uliyemtukana anayo nakala nzima, ametulia nayo Kondoa yake. Utampigia, au unasubiri wageni wafike?

Kabla hatujaomba, jambo moja. Lile neno langu la juu ya ngazi, "waulize wenzako kwanza", nimelitunga. Sikulisema. Nilichomwambia yule dada ni hiki: "Fagia tu, dada, hata mimi madoa nayafunika kwa rangi." Nilitaka kuliondoa lile la uongo kwenye mahubiri kabla sijaja hapa mbele. Nimeliacha mlisikie, na hili nimeliweka juu yake.

Tusimame.