Mikwaruzo ya Gia ya Bernadeta

Kawia ufike si methali ya wavivu. Haimsifu anayelala, inamsifu anayejua kwamba njia ya mkato ikimpoteza, atarudi alikoanzia, tena mikono mitupu. Hadiya, fundi wa karakana moja ya Kiseke, aliisoma methali hiyo tangu shuleni, lakini ilimwingia kichwani siku ya gia ya Mama Bernadeta.

Bernadeta alifika asubuhi kutoka Misungwi na gia iliyonyofoka meno. Ilikuwa ya pampu inayovuta maji ya ziwa hadi bustanini kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyanya zangu zimetoa maua, na leo siku ya tatu hazijaonja maji. Zikikosa na kesho, msimu wangu umekwisha."

Hadiya alimhurumia sana. Karakana nzima ilikuwa na kipande kimoja tu cha shaba cha kutosha gia ile, na fundi mwenzake, Khalidi, alikwisha kukichonga mviringo. Hadiya akakibana kwenye kifaa cha kugawia mduara, akakaza taya za kifaa, akakiegemeza upande wa pili kisitikisike. Meno yalitakiwa ishirini na sita. Kwa kila jino, mkono wa kifaa uzunguke mara moja kamili, kisha pini yake isogee mbele matundu ishirini na moja kwenye sahani iliyotobolewa mduara wa matundu.

Desturi ya pale ilikuwa kuzungusha mkwaruzo kwanza. Kisu cha mashine kinaigusa shaba kidogo tu, alama baada ya alama, mpaka mduara ukamilike. Ndipo mtu hukata kina kamili cha meno.

"Unataka kuichora hina?" Khalidi alimtania. "Kata, mama wa watu awahi basi la kwao."

"Kata tu, mwanangu," Bernadeta naye akasihi.

Hadiya alisogeza kisu karibu na shaba. Kumkatalia mtu mwenye shida ni kazi nzito, naye roho ilimuuma. "Nivumilie, mama," alisema, akaanza kukwaruza.

Alipofika alama ya ishirini na sita, aliinama kuitazama kwa karibu. Nafasi ya mwisho, kati ya alama hiyo na ile ya kwanza, ilizidi zile nyingine karibu nusu nzima.

"Hesabu tena nisikie," Khalidi alisema, utani umemtoka.

Hadiya aliweka kidole kwenye tundu lenye pini. "Moja..."

"Ishia hapo hapo! Ukihesabu hatua, unahesabu na pale uliposimama?"

Hadiya aliona haya mpaka masikioni. Kila mara alipungukiwa tundu moja, na upungufu wote ulijikusanya mwishoni. Kama angekata kina, shaba ile ingekuwa ya kutupwa. Alianza upya, safari hii akiliruka tundu la pini, na alama ya mwisho ikakaa mahali pake. Ndipo akakata, jino kwa jino, bila papara.

Saa tisa alasiri Bernadeta aliipokea gia ikiwa bado vuguvugu. Juu ya meno palibaki mistari myembamba kama nywele.

"Na hii mikwaruzo?"

"Hapo ndipo nilipokukawiza, mama. Haina madhara."

Jua lilipokuwa linatua, simu ya Hadiya iliita. Bernadeta hakusalimu. Aliisogeza tu simu yake mferejini, na Hadiya akasikia pampu ikinguruma na maji yakikimbilia nyanya. Akacheka peke yake, macho yamemlowa. Kawia ufike.