Koti la Mikono ya Kushoto

Nahodha ni yule anayeshika usukani, na usukani ni mmoja. Wakiushika watu watatu, huyu akivuta huku na yule akisukuma kule, chombo kitayumba hata kama maji yametulia. Wahenga walipotuonya juu ya manahodha wengi, hawakuwa wakizungumzia bahari peke yake. Hata koti lina nahodha wake.

Katika chuo kimoja cha ushonaji kulikuwa na darasa refu lenye madirisha mapana, meza za kukatia zimepangwa katikati, vyerehani vimepangwa ukutani. Siku ya mtihani wa vitendo, kila kundi lilipewa kitambaa cha koti moja tu, hapana ziada hata ya kiraka cha mfuko. Kitambaa chenyewe kilikuwa na uso na mgongo. Usoni kilikuwa cha buluu iliyokoza, laini kama shavu la mtoto; mgongoni kimefifia, kina vinyuzinyuzi.

Kundi la meza ya dirishani lilikuwa na watu watatu. Mkubwa wao, Mama Pacha, alikuwa amerudi kusoma baada ya kujifungua watoto wake wawili. Dada yake ndiye aliyemlelea watoto hao, lakini alikuwa ameposwa, na muhula ukiisha angekwenda kwa mumewe. Kwa hiyo kwa Mama Pacha hapakuwa na mtihani mwingine: afaulu leo apate cheti, au arudi nyumbani mikono mitupu. Wa pili aliitwa Bwana Mkubwa, kijana aliyepiga pasi shati lake hadi kola ikasimama kama askari. Wa tatu alikuwa Kasuku, msichana ambaye ulimi wake haukuwahi kukaa kitako.

"Mama Pacha ataongoza," Mwalimu alisema. "Bwana Mkubwa atakata. Kasuku atashona. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, kila mtu aseme anachofanya, na wenzake wamsikie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu!" wakaitikia kwa sauti moja. Sauti moja hawakuwa nayo tena.

Mwalimu hata hajafika meza ya pili, Bwana Mkubwa alikwisha kutunisha kifua. "Kuongoza niachieni mimi. Nyumbani mimi ndiye kaka mkubwa, wadogo zangu wote wananifuata."

"Wanakufuata au wanakufukuza?" Kasuku akacheka, mkasi tayari uko mkononi mwake. "Mimi nakata. Nina mkono mwepesi."

"Nipe mkasi wangu, wewe!"

"Umeandikwa jina lako?"

Mama Pacha alipaswa kuwatuliza. Badala yake hasira zilimpanda, akavuta kiti cha cherehani. "Nimelea pacha, nyinyi mtanishinda? Leteni vipande hapa, nitashona mwenyewe." Usukani aliopewa akauacha, akashika kasia.

Bwana Mkubwa akaenda kuazima mkasi meza ya jirani. Yeye na Kasuku wakakata mwili wa koti, huyu mbele, yule nyuma, kila mmoja akimwamrisha mwenziwe. Walipofikia mikono, Mwalimu alipiga makofi kuwakumbusha kuwa muda unayoyoma.

"Nakata wa kushoto!" Kasuku akapaza sauti.

"Nakata wa kushoto!" Bwana Mkubwa naye akapaza sauti, papo hapo.

Kila mmoja alisema, kama walivyoagizwa. Kila mmoja alisikia sauti yake tu. Karatasi ya mfano wa mkono ikatoka kwa huyu ikaenda kwa yule, ikalazwa upande uleule bila kugeuzwa. Naye Mama Pacha, cherehani kikimnguruma masikioni, alipokea vipande akavishona bila kuvilinganisha.

Koti lilipovalishwa sanamu la kupimia nguo, mkono mmoja ulipinda mbele kama unaosalimia watu. Wa pili ulipinda nyuma kama unaojikuna mgongo.

"Kola imelivuta," Kasuku akasema. Wakafumua kola. Mkono ukazidi kujikuna.

"Sanamu ndilo bovu, bega limekwenda upande." Bwana Mkubwa akalivaa koti mwenyewe. Akanyoosha mkono mbele, koti likamrudisha nyuma.

"Umelivaa kinyume!" Kasuku akadakia.

"Kinyume vipi, na vifungo ni hivi hapa?"

Akalivua, akalivaa, akajizungusha kama kuku aliyepoteza kifaranga. Mama Pacha akaufumua ule mkono, akaugeuza nje ndani. Ukakaa vizuri kabisa, ila mgongo wa kitambaa ukawa nje, umepauka kama nguo ya mwaka juzi. Akaurudisha. Rangi ikapatana, kiwiko kikaenda nyuma. Akaugeuza tena. Wakatazamana kama watu walioamshwa katika nyumba wasiyoijua.

"Huu ni mkono gani?" Mama Pacha akauliza polepole.

"Wa kushoto. Nilikata mimi," Kasuku akajibu.

"Na huo mwingine?"

"Wa kushoto," Bwana Mkubwa akasema. "Nilikata mimi."

Kitambaa kilichobaki mezani kisingetosha hata mkono wa mtoto mchanga.

Mwalimu alifika, akalitazama koti mbele na nyuma. "Nani alikuwa kiongozi hapa?"

Asubuhi viongozi walikuwa watatu. Sasa Kasuku alitazama dari, Bwana Mkubwa akachezea vifungo vya shati.

"Nilipewa mimi, Mwalimu," Mama Pacha akasema. "Sikuongoza."

"Basi mtarudia muhula ujao."

"Hawa watarudia. Mimi sitakuwapo. Dada anaolewa, watoto sina wa kumwachia."

Bwana Mkubwa akageuka kwa mshtuko. "Mama Pacha, mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia, mdogo wangu. Jana tulipokuwa tukipiga pasi, na juzi pia. Wewe ulikuwa unazungumza, na Kasuku alikuwa anakujibu."

Mama Pacha akakunja futi yake ya kupimia, akaitia katika kikapu, akatoka. Wenziwe walisimama wameshika koti, huyu mkono huu na yule mkono ule, hawajui waliweke wapi. Ndiyo maana husemwa, na wao walikuwa ushahidi: manahodha wengi, chombo huenda mrama.